Mchezaji wetu wa zamani amekabidhiwa timu inayoelekea kushuka daraja: ataweza?

Swali, kutoka Pasua, Moshi

Ndugu wadau, naomba mawazo yenu. Timu yetu, ambayo sitaitaja, imeshinda mechi mbili tu tangu msimu uanze, na juma lililopita uongozi ulimwondoa kocha mkuu na kumpandisha msaidizi wake, ambaye wengi wetu tulimshuhudia akicheza kiungo na kuwa nahodha pale Uwanja wa Ushirika. Aliposimama mbele ya benchi kwa mara ya kwanza, jukwaa zima lilinyanyuka kumpigia makofi, nami nilinyanyuka. Nilipofika nyumbani nikaanza kujiuliza kama tumepata kocha, au tumemweka mtu tunayempenda mahali ambapo lawama zote zitamwangukia. Wachezaji watatu wa kikosi cha sasa walicheza naye. Je, atathubutu kuwaweka nje?

Jibu, kutoka Ngarenaro, Arusha

Ndugu yangu, mapenzi ya jukwaa hayapangi kikosi. Zidane, naye mchezaji wa zamani wa Real Madrid, alipokabidhiwa klabu hiyo Januari 2016 alikuwa ametoka kuifundisha timu yao ya pili, Castilla, na Guardiola, aliyekuwa mchezaji wa Barcelona, naye aliinoa timu yao ya pili, Barcelona B, kabla ya kupandishwa mwaka 2008. Alan Shearer, ambaye Newcastle ya Uingereza inamheshimu kuliko karibu mchezaji yeyote, aliitwa Aprili 2009 zikiwa zimebaki mechi 8, bila kuwahi kuwa kocha mkuu popote. Alishinda 1 na timu ikashuka. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza alicheza vipi, ulizeni amefundisha nani na kwa muda gani, na leseni yake ya ukocha ya CAF, yaani Shirikisho la Soka Afrika, ni ya daraja lipi.

Jibu, kutoka Majengo, Moshi

Mimi nilipitia hali hiyo hiyo katika timu ndogo ya hapa kwetu, kwa hiyo naandika kwa uchungu kidogo. Beki wetu wa kulia alikuwa rafiki niliyelala naye chumba kimoja kambini kwa miaka mitatu. Goti lake lilikuwa limechoka, kila mtu aliliona, na mimi nililiona kabla ya wote, lakini nilimpanga mechi nne mfululizo kwa sababu sikujua nitamtazamaje usoni nikimwambia akae benchi. Mabao karibu yote tuliyofungwa yalianzia upande wake. Nilipomwita hatimaye, tukakaa wawili tu chini ya mti kabla ya mazoezi, aliniambia kwamba alikuwa akisubiri nimwambie, kwani yeye mwenyewe alikuwa akiona aibu kuomba kupumzishwa. Kwa hiyo mzigo wa urafiki unabebeka, ila usiahirishwe.

Kilichonishinda mimi ni posho. Zilipochelewa, wachezaji walinijia mimi kwa sababu nilikuwa mwenzao, na viongozi nao wakanituma niwatulize kwa sababu hiyo hiyo. Baada ya mwezi mmoja hakuna upande ulioniamini, na mazoezi niliyoyaandaa usiku kucha yalifanywa na watu waliokuwa wakihesabu nauli ya kurudi nyumbani. Mwombeni mwenyekiti wenu suala la fedha lishughulikiwe na meneja wa timu, na kocha asihusishwe nalo hata kwa salamu.

Jibu, kutoka Sakina, Arusha

Naongeza moja tu, kuhusu kumwita kocha «kaimu», yaani wa muda tu. Juma Mgunda alipoitwa Simba kama kaimu Septemba 2022 aliifikisha hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na bado Januari 2023 alikuja Robertinho kuwa kocha mkuu. Hiyo ni haki ya klabu. Lakini kwa timu iliyo mkiani, mchezaji anayejua kwamba kocha ataondoka mwezi ujao hatakimbia kwa ajili yake. Wampe hadi mwisho wa msimu kwa maandishi, au wasimpe kabisa.

Mwuliza swali

Nawashukuru sana, na hasa wewe kaka wa Majengo, kwa kutueleza jambo lililokuuma. Nimeuliza leo asubuhi: amefundisha vijana wa chini ya miaka 17 kwa misimu miwili, na barua aliyopewa haina tarehe ya mwisho. Jumapili tuna kikao cha wanachama. Nitaomba barua hiyo iandikwe upya, na posho za wachezaji zikabidhiwe meneja kabla ya mechi ijayo.