Wiki ya tano silali, moyo unadunda. Nifanyeje?

MamaBusia: Shikamooni wakubwa. Nalala saa nne, ikifika saa tisa macho kodo, moyo kama ngoma. Watoto nawafokea bure. Juzi sokoni nimempa mteja chenji ya elfu hamsini badala ya elfu tano. Kuna dawa ya usingizi isiyozoesha?

Jinja_Kwetu: Pole dada. Mchaichai kikombe kimoja, majani ya chai acha kuanzia jioni, simu ilale sebuleni. Nilipokuwa zamu ya usiku kiwandani ndiyo iliniokoa.

Mtumishi: Saa tisa ndiyo saa ya shetani. Funga siku tatu.

BodaTororo: Mtumishi, saa tisa mimi niko stendi nangoja abiria. Sijawahi kumbeba 😂

Sajenti_Mstaafu: Nyabo, wiki tano zina mwanzo. Kulitokea nini?

MamaBusia: Hakuna mzee, uchovu tu.

Sajenti_Mstaafu: Nami niliporudi kutoka Somalia nilisema uchovu. Miaka miwili! Mlango ukigongwa kwa nguvu, niko chini ya meza. Mke wangu ndiye aliyenipeleka Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili, nikadhani naenda kufungiwa. Kumbe foleni nzima ni watu kama mimi na wewe, wanaonana na daktari wanarudi kwao kupika. Nauliza tena.

MamaBusia: Haya. Mimi ndiye mweka hazina wa kikundi chetu cha akiba. Nilitoa milioni moja na laki nane sandukuni bila kuandika: ada ya kijana, na deni la mdogo wangu. Nitarudisha kabla ya mgao wa Desemba. Si wizi, hata mwenyekiti aliwahi kujikopesha. Nimeshalipia basi la Kampala, niunganishe Gulu kwa shangazi nipumzike. Nilichouliza ni usingizi.

Nesi_Mbale: Hiyo si kupumzika, unatoroka. Kidonge kitakulaza, ukiamka sanduku liko palepale. Mwaka 2002 huko Masaka na Rakai, watu wenye sonona walikaa vikundi, saa moja na nusu kila wiki kwa wiki 16, wakisema yaliyowasibu. Waongozaji hawakuwa madaktari. Walipata nafuu kubwa kuliko wenzao wasiokuwa na kikundi. Tafuta mtu umwambie, halafu nenda kituo cha afya moyo upimwe.

Mkaguzi: Ngojeni kwanza. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Ulifunguaje peke yako? Hii imepikwa. Sasa hivi itafuata namba ya kutumia hela.

BodaTororo: Lo, na mimi nilikuwa nishaanza kumhurumia!

MamaBusia: Nimeomba hela ya nani? Na mweka hazina hashiki ufunguo, kaulize. Sanduku linalala kwangu, funguo ziko kwa wengine. Bawaba za nyuma zina skrubu nne.

Mkaguzi: …Skrubu nne. Sawa, nimekaa.

Sajenti_Mstaafu: Basi linaondoka lini?

MamaBusia: Kesho alfajiri.

Nesi_Mbale: Kati ya hao wenye funguo, yupi hakupigii kelele?

MamaBusia: Mama mmoja jirani. Mlango wa tatu. Lakini atalia, na mimi sitaki kuona mtu analia.

Jinja_Kwetu: Dada, mchaichai ulijaribu?