Diski ya laptopu inakufa: niirekebishe, nihamishe data au nimpe fundi?

MwlPili: Wakuu, naomba ushauri. Laptopu yangu ina diski ya kuzunguka ya GB 500. Tangu wiki jana nikifungua folda ya picha inaganda dakika nzima. CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, inaonyesha njano (tahadhari) kwenye mistari ya 05 na C5. Ndani kuna picha za mwisho za marehemu baba na alama za wanafunzi wangu. Fundi mmoja anasema tupige chkdsk (amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski), mwingine anasema ninunue SSD, diski isiyozunguka, tuhamishe kila kitu. Nifuate yupi?

Fundi_Waya: Pole Mwalimu. Usipige chkdsk /r sasa. Inapitia diski nzima sekta kwa sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data), saa nyingi, na inaandika humo humo kwenye diski mgonjwa. 05 ni sekta zilizokwisha kubadilishwa na za akiba. C5 ni zilizoshindikana kusomeka na zinasubiri uamuzi. Kama C5 inapanda kila siku, muda wako ni mfupi. Okoa data kwanza, ukarabati hauna haraka.

Saumu_K: Namuunga mkono. Mimi nilikubali chkdsk. Asubuhi nikakuta folda ya found.000 imejaa vipande visivyo na majina. Tasnifu yangu sikuipata tena.

Nyuzi64: Washa laptopu kwa flashi yenye Ubuntu (mfumo wa Linux), usiwashe Windows ya kwenye diski hiyo. Ukikopi kwa mkono, kompyuta inang'ang'ania sekta mbovu. ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, huiruka, inachukua kwanza panaposomeka, kisha inarudi kwenye mabaki:

`ddrescue -d -n /dev/sdX okoa.img okoa.map`
`ddrescue -d -r3 /dev/sdX okoa.img okoa.map`

Faili ya map ndiyo kumbukumbu yake, hivyo umeme ukikatika unaendelea ulipoishia. Taswira (okoa.img, yaani nakala ya diski nzima katika faili moja) ihifadhi kwenye diski ya nje yenye nafasi zaidi ya GB 500. Badala ya sdX weka jina la diski mgonjwa, na hakikisha majina kwa lsblk, amri inayoorodhesha diski. Ukichanganya diski ya chanzo na ya kupokelea umefuta kila kitu.

Fundi_Waya: Hapo natofautiana kidogo. Picha za mzee huenda hazifiki hata GB 5. Ningezikopi hizo kwanza, ndipo niache ddrescue ifanye kazi usiku kucha.

Nyuzi64: Sawa, ila ikiganda kwenye faili moja, aiache.

Bi_Mwana: Je, inagonga, tak-tak? Ikianza hivyo zima papo hapo. Hapo tatizo mara nyingi ni vichwa vya kusomea, na programu yoyote inaweza kuzidi kukwangua sahani zinazobeba data. Ni kazi ya maabara isiyo na vumbi, na ni ghali. Asikuambie mtu uiweke kwenye friza: ukiitoa inashika unyevu.

MwlPili: Haigongi. Nimekopi picha za baba, mbili tu hazifunguki. ddrescue inaendelea, imefika asilimia 71. SSD nanunua kesho.

Saumu_K: Alhamdulillah. Nunua na diski ya nje ya nakala. SSD nayo hufa, mara nyingi bila dalili, na faili iliyofutwa humo ni vigumu kurudi kwa sababu ya TRIM, amri inayoiambia SSD isafishe nafasi ya faili zilizofutwa. Hiyo ya zamani usiitupe mpaka umefungua kila folda.