Tulienda maktaba na darasa, namba za vitabu zimenichanganya

KichwaMaji
Wakuu shikamooni. Jana darasa letu lilipelekwa maktaba, kila mtu kapewa mada atafute vitabu viwili aandike ripoti, mimi nikaangukia ndege. Katalogi ya kwenye kompyuta ikaniambia cha kwanza 598, nikakipata fasta. Cha pili cha ufugaji wa kuku 636.5, kiko upande wa pili kabisa wa ukumbi, sasa kuku siku hizi si ndege?? Nikafika huko nakutana na 636.0832, nikajua 5 nimeshaipita nikaanza kurudi nyuma, robo saa nazunguka rafu moja kama nimerogwa. Nikakipata kwa bahati, nilipomaliza nikakirudisha mwenyewe kwa adabu zangu zote, mkutubi akanijia juu mbele ya wenzangu. Kosa langu nini hapo?

BabaWawili
Marahaba. Shukuru hukuletewa 629.13, huko ndo kuna ndege za marubani 😂
Huo ni mpango wa Dewey, Mmarekani mmoja aliutoa 1876 na maktaba kibao bado zinautumia. Haupangi kwa jina la kitu, unaangalia kinaongelewa kwa fani gani. 500 ni sayansi, kwahiyo kuku kama kiumbe mwenye mbawa yuko 598. 600 ni ufundi na kazi za mikono mpaka kilimo, kuku wa bandani ndo 636.5. Akishaingia sufuriani anahamia 641.

Nukta_tu
Dogo hiyo ni desimali, usisome "mia nane thelathini na mbili". Baada ya nukta unalinganisha tarakimu moja moja, 0 na 5 ipi ndogo? Basi .0832 inatangulia, ulitakiwa uendelee mbele. Zikifanana kabisa ndo unashuka kwenye zile herufi za chini kwenye mgongo wa kitabu, mara nyingi ni mwanzo wa jina la mwandishi.

MamaRafu
Nimefanya kazi hiyo miaka mingi mwanangu. Kukufokea mbele za watu hapana, hapo alikosea. Ila kitabu ukishakitoa kiache mezani au kwenye toroli, maana kikirudi pasipo pake, katalogi itaendelea kusema kipo na mtu atakitafuta mpaka achoke, hicho hakina tofauti na kilichoibiwa. Halafu vya mezani wengine huwa tunavihesabu, tunajua vipi vinasomwa hata kama haviazimwi. Wewe ulikirudisha palepale ulipokitoa?

KichwaMaji
Asanteni sana wakubwa, desimali nimeielewa leo kuliko darasani. Mama, nilikichomeka penye nafasi tu… nakumbuka cha pembeni yake kilikuwa na picha ya paka, 636.8

BabaWawili
Umemlaza kuku na paka. Kamwombe radhi mkutubi.

KichwaMaji
😭😭 Jumatatu naenda