Pezi la ubao limegonga mwamba: epoksi, polyesta ya mafundi boti, supaglu au resini ya jua?

Kusi_Paje
Wakuu, salama? Naomba tulinganishe kidogo. Nina ubao wa mawimbi ninaoutumia na kaiti (tiara kubwa linalonivuta majini), chini una mapezi matatu ya FCS (aina ya mapezi ya kuchomeka), zile za zamani za skrubu. Bamvua lililopita nilichelewa kurudi, maji yakanikimbia, nikapita juu ya mwamba. Pezi la kushoto limemeguka ncha, kipande kama ukucha wa dole gumba. La kati lina pengo kwenye ukingo wa mbele, tena kuna mstari mweupe karibu na shina. La kulia halina kitu.

Kuagiza seti mpya ni kusubiri meli na ushuru juu. Nilivyonavyo karibu: epoksi ya tyubu mbili ya duka la vifaa vya ujenzi, resini ya polyesta kwa mafundi wa boti za faiba, supaglu, na nusu tyubu ya resini inayokaushwa na jua, niliachiwa na mgeni. Mngetumia ipi, na kwa jeraha lipi?

Fundi_Kilindini
Ndugu yangu, kabla ya gundi tuambie kwanza hilo pezi ni la kitu gani. Chukua msasa namba 120, sugua palipomeguka. Likitoa vumbi jeupe laini na ukaona nyuzi za kitambaa, hiyo ni faiba ya tabaka, inatengenezeka. Likitoa vinyweleo vinavyojikunja, hiyo ni plastiki ya kumiminwa kwenye kalibu. Hapo resini yoyote utakayopaka itabanduka kama ngozi ya kitunguu, usijisumbue. Chonga ukingo uwe laini, endelea kulitumia hivyo hivyo.

Pia liinue juani. Ukiona vyumba vya pembe sita ndani kama sega la nyuki, ujue lina moyo mwepesi na huenda limeshakunywa maji. Hilo lisuuze kwa maji baridi, liache kivulini siku kadhaa likauke kabla hujaziba. Ukiziba maji ndani, litavimba.

Kusi_Paje
Vumbi jeupe, nyuzi zinaonekana. Rangi kijani, mwanga unapita, hakuna vyumba.

Fundi_Kilindini
Basi una bahati. Mimi nasema polyesta. Inauzwa kwa kipimo, hata kikombe kimoja utapata. Hadina yake (dawa ya kuigandisha) ni asilimia 1 hadi 2, yaani mililita 100 za resini kwa mililita 1 au 2 za hadina. Asubuhi unapaka, mchana unasugua. Boti zinazopigwa na mawimbi mwaka mzima zimeshikwa na hiyo hiyo. Omba na vipande vya kitambaa cha kufumwa walivyokata, kwa pezi hutahitaji zaidi ya kiganja. Ikibaki inanata juu usishtuke, polyesta isiyo na nta haikauki usoni ikiguswa na hewa. Ifunike na karatasi ya nailoni.

Ila macho, tafadhali. Ile hadina ikirukia jicho ni hospitali. Vaa miwani.

BintiWatamu
Kaka Fundi, kwa boti nzima sikupingi. Kwa kipande kama ukucha napinga. Boti mnaijenga resini mbichi juu ya mbichi, inashikana yenyewe. Hapa tunabandika kipya juu ya kitu kilichokauka miaka, na polyesta hushika vibaya hapo, tena husinyaa ikikauka. Na kama pezi lenyewe ni la epoksi, ndiyo kabisa. Epoksi inashika juu ya polyesta, kinyume chake ni kubahatisha.

Kusi_Paje, angalia tyubu zako. Zikiandikwa dakika 5, weka pembeni. Hiyo ni ya kushikia mpini wa sufuria, ikikaa majini na juani inalegea. Tafuta inayokauka kwa saa 24. Na kipimo cha epoksi ni kile kilichoandikwa, moja kwa moja au mbili kwa moja, usizidishe hadina ukidhani itakauka upesi. Polyesta inakuvumilia kidogo ukicheza na matone. Epoksi itabaki kama ubani uliokaa juani, na dawa yake ni kukwangua yote.

Ukipewa ule mkeka wa nyuzi zilizotupwatupwa, usiutumie na epoksi. Gundi inayoshika zile nyuzi huyeyuka kwenye polyesta tu. Ndani ya epoksi mkeka unabaki mgumu, haulali kwenye pembe. Kitambaa cha kufumwa ndicho.

Kusi_Paje
Sawa dada, epoksi ya saa 24 ipo. Sasa ncha yenyewe naijengaje?

BintiWatamu
Lako la kulia ni zima, hapo umepona. Lilaze kwenye katoni, chora, kata, geuza. Hiyo ndiyo ramani ya la kushoto. Mapezi ya pembeni hayalingani pande zake: kwa kawaida upande wa ndani ni bapa, wa nje una mgongo. Basi laza upande bapa juu ya kioo ulichokibandika seloteipu pana, isishike.

Sugua kwa namba 80 palipomeguka mpaka pawe mteremko, sentimita moja na nusu hivi kila upande, na rangi ya kung'aa iishe. Futa kwa spiriti. Kata nyuzi za kitambaa fupi fupi, changanya na epoksi iwe uji mzito, jaza umbo la ncha. Kabla haijakauka kabisa, laza tabaka mbili za kitambaa upande wa mgongo, ya pili iwe pana kuliko ya kwanza. Kesho yake geuza, paka moja upande bapa. Ukikuta utelezi kama mafuta juu ya epoksi, ni unyevu wa pwani yetu. Oshea maji kwanza ndipo usugue, ukisugua na ule utelezi unausukuma ndani.

Msasa 80, 120, 220, mwisho 400 na maji. Ukingo wa nyuma uwe mwembamba na ulionyooka, vinginevyo pezi litaimba ukishika kasi, na hiyo kelele inachosha kuliko upepo.

Kijana_Coco
Mnamchosha mwenzenu. Pengo la ukingo wa mbele ni la supaglu na bekingi soda. Jaza unga kwenye pengo, dondosha gundi, inakuwa jiwe papo hapo. Unasugua, unarudi majini jioni ile ile. Msisogeze pua, ule moshi unawasha.

Fundi_Kilindini
Kweli kwa pengo dogo, nakubali. Lakini jiwe hilo halipindi na pezi linapinda. Kwenye ncha litaruka siku ya kwanza. Na iwe bekingi soda ya kuumulia keki, si magadi ya kuivishia maharage, kuna watu watakwenda sokoni sasa hivi.

Mswahili_Maskati
Salaam kutoka Oman. Kwa pengo la mbele mimi ningetumia ile resini ya jua aliyonayo bure. Hakuna kupima. Jaza ukiwa kivulini, funika na kipande cha nailoni, toa nje saa sita mchana, dakika chache tu. Pezi lake linapitisha mwanga, kwa hiyo litakauka mpaka ndani. Kwa pezi jeusi la kaboni ningekataa, juu inakuwa gumu na chini inabaki maji. Weka tabaka nyembamba nyembamba.

Joto nalo mliangalie. Huku kiangazi epoksi inaganda kikombeni hujamaliza kukoroga, na ukichanganya nyingi inatoa moshi. Changanya kidogo, imwage kwenye kisahani kipana, na ufanye kazi alfajiri.

Kusi_Paje
Nimeelewa: ncha epoksi, pengo resini ya jua. Na ule mstari mweupe karibu na shina? Nizungushie kitambaa?

Fundi_Kilindini
Ushike kwa mikono miwili, pinda taratibu. Ukibaki mstari tu, faiba imechoka ndani lakini inashika, endelea kulitazama. Ukifunguka hata unene wa karatasi, mimi silirudishi kwenye ubao.

BintiWatamu
Mimi ningesugua na kuzungushia tabaka tatu, ufa huo hauna ugumu wowote.

Fundi_Kilindini
Dada, ugumu si ufa, ni kinachofuata. Pezi limewekwa livunjike kabla ya tundu lake kwenye ubao. Ukilifanya shina nene kama nguzo, mwamba ukilipiga tena litang'oa tundu na povu la ubao pamoja. Tundu la kati kulifunga upya ni kazi ya fundi, na ubao unakaa nje msimu mzima. Tena zile ndimi mbili za chini ya pezi, zinazoingia tunduni, zikiongezeka unene hata kidogo, haziingii. Ncha na kingo tengeneza nyumbani. Pezi la kati lenye ufa shinani, nunua jingine, hata la mtumba, wageni wa kaiti huacha mengi.

BintiWatamu
Kwa pezi la kati nakubali. Kwa ya pembeni bado ningezungushia, ila kitambaa kiishie juu ya ndimi.

Kusi_Paje
Limefunguka kidogo nilipolipinda. Nitaulizia la mtumba kwenye vituo vya kaiti. Ncha nimeshaijaza, nisubiri muda gani kabla ya maji?

BintiWatamu
Kusugua kesho. Kugonga mawimbi, mpe wiki, epoksi inaendelea kukomaa hata ikishaonekana kavu. Vaa barakoa ukisugua, au sugua na maji, vumbi la faiba si la kuvuta kifuani.

Mswahili_Maskati
Na ukirudisha mapezi, suuza skrubu kwa maji baridi na upake grisi kidogo. Ufunguo wake ni wa inchi 3/32. Wa milimita unaofanana nao utakula kichwa cha skrubu.