Mrejesho: Land Rover ya baba haizimi tena

Wakuu, habari za siku. Niliwauliza kuhusu Land Rover Series III ya marehemu baba, ya petroli: ikipata moto inazima, haiwaki mpaka ipoe. Asanteni sana. Aliyesema nianze na kondensa (kifaa kidogo kinachozuia cheche kuunguza pointi) ya distributa, ile inayogawa umeme kwenye plagi, alipatia kabisa. Nimefunga mpya, fundi akaseti mwanya wa pointi, ile swichi ndogo ndani ya distributa, 0.35 hadi 0.40 mm, na jana nimetoka Mwanga hadi Ujiji, hapa Kigoma, na kurudi, jua la saa nane, haijazima hata mara moja. Mama aliposikia mlio wake uani alitoka jikoni mbio. Koili mpya, ile inayopandisha umeme wa plagi, haikuhitajika, ya zamani ni nzima. Tanki la petroli ndilo limenishinda: nimelitikisa na kokoto ndani mara mbili kutoa kutu, bado inaziba chujio. Nitachongesha jingine.