Birdsong: ya televisheni na ya kitabuni, nani kaipenda na nani imemshinda?

DadaWaMapokezi

Assalaam aleikum. Nauliza walioiona Birdsong ya BBC, ile tamthilia ya mapenzi na Vita vya Kwanza vya Dunia ya mwaka 2012 yenye sehemu mbili, Eddie Redmayne kacheza Stephen na Clémence Poésy kacheza Isabelle. Sisi tumeitazama nyumbani wiki iliyopita na mpaka leo hatujapatana.

Mimi nafanya kazi mapokezi katika nyumba ya wageni huku Shangani, zamu ya usiku. Wageni wakiondoka huacha vitabu, tunavipanga kwenye rafu chini ya ngazi. Vingi ni vya wauaji na mapolisi. Hiki cha Birdsong, riwaya ya Sebastian Faulks, nilikikuta kimevimba maji, jalada limebanduka, ukikifungua mchanga unadondoka juu ya daftari la wageni. Nikakisoma polepole, kati ya mgeni wa boti ya mwisho na adhana ya alfajiri. Ndipo mdogo wangu akaniletea tamthilia kwenye flashi, nami kwa kiherehere changu nikasema tuitazame wote baada ya Isha.

Wote maana yake mume wangu, wifi yangu, na mama mkwe kwenye kiti chake. Mume alitaka mizinga. Kila picha ikirudi Amiens, mji wa Ufaransa, mwaka 1910, kwenye nyumba ya yule tajiri mwenye kiwanda cha nguo, yeye anashika simu. Wifi kinyume chake: mahandaki yakitokea anakwenda jikoni kutazama chai. Mama mkwe akauliza swali moja tu: "Huyu bibi ni mke wa mtu?" Nikamwambia ndiyo, ni mke wa Azaire, na huyu kijana wa Kiingereza ni mgeni wao, kaletwa kujifunza kazi ya kiwanda. Basi. Kuanzia hapo Stephen hakuwa na lake. Hata alipolala katikati ya maiti, mama mkwe anasema mtu kala chumvi ya mwenyeji kisha kamchukulia mkewe, ataka aonewe huruma gani? Nikamkumbusha kuwa Azaire alikuwa akimpiga mkewe. Akasema hilo la kupiga lina mashekhe na wazee, halina mgeni.

Ile sehemu ya chumbani sitaieleza. Wifi alirukia rimoti akapeleka mbele kwa kasi, mama mkwe akauliza mbona watu wanakimbia.

Sasa langu. Kitabuni, hadithi inaanza 1910 na unakaa nayo Amiens kurasa nyingi, hakuna bunduki hata moja. Unawazoea. Isabelle anamkimbia mume, wanahamia mji mwingine, halafu siku moja anaondoka na mimba yake bila kumwambia Stephen. Unageuza ukurasa, ni 1916, uko chini ya ardhi na mchimbaji usiyemjua, Isabelle hatajwi. Mimi nilirudi nyuma kutazama kama kuna karatasi zimechanika. Shimo lile ndilo lililoniuma. Televisheni imelifukia: inachanganya 1910 na 1916 tangu mwanzo, Stephen yuko handakini, mara Isabelle huyo kwenye bustani na gauni jeupe. Mtu unayemwona kila baada ya dakika kumi hujampoteza. Naona wameua hadithi kwa kuipendezesha. Nyinyi mmeonaje?

Kidotchi_Mbweni

Waalaikum salaam dada. Mimi niliishia sehemu ya kwanza. Wallahi wanatazamana wale! Anamtazama, anatazamwa, muziki wa piano, jani linaanguka, anamtazama tena. Pale kwenye mashua, mifereji ya Amiens, nilikwenda dukani kununua vocha nikarudi bado hawajasemezana. Mapenzi ya huku mtu angeshatuma mshenga na majibu yamekuja. Vita vimechezwa vizuri, sikatai. Lakini Redmayne ana uso mmoja tu, akiwa na Isabelle au akiwa na panya wa handakini.

MwalimuRukia

Kidotchi, huo uso mmoja ndiyo uigizaji wenyewe. Stephen ni yatima, kalelewa bila mapenzi, kazoea kuficha. Ukitaka mtu wa kulia kwa sauti tazama tamthilia za Kituruki, zipo.

Dada wa mapokezi, hoja yako nzuri ila sikubaliani nayo. Nasomesha fasihi skuli ya sekondari, na kila tukifika kwenye riwaya iliyofanywa filamu ugomvi ni huu huu. Ilipotoka Vuta N'kuvute ya Amil Shivji mwaka 2021, wanafunzi waliokuwa na riwaya ya Shafi Adam Shafi mkononi walinijia na orodha ya vilivyokosekana. Niliwauliza: na kilichoongezeka je? Hakuna aliyekuwa na orodha hiyo.

Hapa kilichoongezeka ni kumbukumbu. Abi Morgan, aliyeandika mchezo, hana nafasi ya kumweka mtazamaji saa nzima Amiens bila mlio wa risasi. Muda wote ni kama saa tatu. Kwa hiyo kaihamishia Amiens kichwani mwa Stephen. Mtu aliyekaa handakini miezi na miezi hakumbuki kwa mpangilio wa kalenda. Anakumbuka mkono, mlango, harufu. Ndiyo maana bustani ile inang'aa kupita kiasi na gauni halina doa: si Amiens ya kweli, ni Amiens ya mtu mwenye chawa. Wewe unasema Isabelle hajapotea kwa sababu tunamwona. Mimi nasema tunamwona kwa sababu kapotea.

Ninachowalaumu ni kumfanya Isabelle picha ya ukutani. Kitabuni ana akili yake na hofu yake, tunajua kwa nini kaondoka: dini, aibu, mimba. Kwenye televisheni anaondoka kama aliyesahau kitu sokoni.

NahodhaMstaafu_Mkoani

Wanangu, mapenzi yao mimi sikuyafuata. Nimetazama kwa ajili ya Jack Firebrace.

Nimefanya kazi melini, chumba cha injini, chini ya mstari wa maji. Yule Jack alikuwa mchimbaji wa njia za treni za chini ya ardhi London, wakamchukua kuchimba chini ya Wajerumani na kuwatilia baruti. Wajerumani nao wanachimba kuwajia. Kuna pale anapozuia pumzi na kuweka sikio kwenye udongo kusikiliza kama ng'ambo kuna watu. Mtu wa injini anaijua hali ile. Unaweka sikio kwenye chuma, unajua pampu ipi imechoka, na unajua pia kwamba kikitokea kitu ngazi ni ndefu. Joseph Mawle kaicheza barabara. Na ile barua ya mkewe kuwa mtoto wao John anaumwa, anaipokea yuko kwenye matope, hana la kufanya. Kwangu hayo ndiyo mapenzi ya hadithi hii: ya Jack na mwanawe. Hayana gauni jeupe.

Mambo ya Somme, yale mapigano makubwa ya huko Ufaransa, wameyaonesha kwa adabu. Waingereza walipiga mizinga wiki nzima wakidhani seng'enge za Wajerumani zimekatika. Baruti ya Hawthorn, waliyoitega chini ya Wajerumani, wakailipua saa 1:20 asubuhi, dakika kumi kabla ya kushambulia, kama vile kumwambia adui amka tunakuja. Siku hiyo moja, tarehe 1 Julai 1916, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea walipita 57,000, na zaidi ya 19,000 kati yao ni maiti.

Na msidhani vita vile ni vya mbali. Tarehe 20 Septemba 1914, alfajiri, manowari ya Kijerumani Königsberg iliikuta Pegasus ya Waingereza hapo bandarini Unguja ikitengenezwa mitambo, ikaipiga mpaka ikazama. Mabaharia wake wamezikwa Chapwani, watalii wanakwenda kuogelea pale pale. Königsberg nayo ikaishia Rufiji mwaka uliofuata. Na wapagazi wakachukuliwa bara na visiwani, wakabebeshwa risasi na unga mpaka wakafa njiani kwa kuhara na homa. Abdulrazak Gurnah kaandika Afterlives, vita vile vile upande wetu, na ndani yake mna mapenzi ya Hamza na Afiya. Hiyo nani ataitia kwenye televisheni? Hungary walikopigia picha Birdsong hakuna minazi.

DadaWaMapokezi

Ami, ahsante, mume wangu nimemsomea maneno yako ya chumba cha injini akaomba tuirudie ile ya Jack. Safari hii simu kaiweka chini.

Mwalimu, umenigusa kwa "Amiens ya mtu mwenye chawa". Hilo la kumbukumbu nalikubali nusu. Nusu nyingine sikupi, kwa sababu televisheni imekata na kile ambacho kingeweza kubeba kumbukumbu: Elizabeth, mjukuu wa Stephen, miaka ya 1970. Wengi naona wanafurahi kakatwa, wanasema anachosha. Mimi naona wamekata mguu. Elizabeth hajui kitu. Anafika Thiepval, penye ukumbusho wa wafu wa Somme, kwenye lile lango kubwa la matofali, anaona majina ukuta mzima juu mpaka chini, anadhani ni wote waliokufa vitani. Mtunzaji anamwambia hapana, hawa ni wale tu ambao hawakuonekana, na ni wa maeneo haya tu. Yapo zaidi ya 72,000. Mimi niliisoma saa tisa za usiku, mgeni akanigongea kengele anataka taulo, nikamtazama nisimwelewe.

Bila Elizabeth, hadithi inaisha kwa Stephen kumpata Jeanne, dada yake Isabelle, na mtoto, ndiyo basi, mambo shwari. Kitabuni haikuwa shwari. Alirudi na baada ya hapo hakusema kitu muda mrefu.

Kuhusu Isabelle tuko pamoja, mwalimu. Ila Clémence Poésy sina neno naye, hakupewa maneno.

MwalimuRukia

Elizabeth nakupa. Si kwamba anapendeza, sehemu zake nyingine ni za kusinzia, yale mambo yake na yule mume wa mtu. Lakini Thiepval nakupa.

Kidotchi_Mbweni

Sasa dada, mama mkwe alisemaje mwisho? Kamsamehe Stephen?

DadaWaMapokezi

Hajamsamehe. Ila Jeanne kamkubali. Kasema huyo ndiye mwanamke: dada kafariki, kabaki na mtoto wa watu analea bila kelele. Akauliza kama walifunga ndoa, nikamwambia kitabuni ndiyo. Akasema basi televisheni wangeonesha harusi badala ya yale ya chumbani.

Kidotchi_Mbweni

Mama mkwe apewe BBC. Nipe flashi niitazame sehemu ya pili, napita Shangani Jumamosi. Ya mashua nitaruka.