Mihimili ya c ya barafu imejikusanya makundi manne: ni mkazo au kosa la upimaji?

Swali
Wakuu, kipande chembamba cha barafu ninachokichunguza kimetoka kwenye mto wa barafu wenye nyuzi −1 hivi. Kina upana wa sm 9 na chembe (fuwele) kama 60. Mihimili ya c (mhimili mkuu wa ulinganifu wa kila fuwele) ikichorwa kwenye duara la mielekeo, mchoro unaoonyesha kila mhimili umeelekea wapi, inatoa makundi manne, si moja la wima kama kwenye barafu ya kina ya Greenland. Pia chembe nyingi zinaonekana waridi na bluu kati ya polaraiza mbili (vichujio vinavyopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu), wala si kijivu na njano. Tatizo liko wapi?

Jibu 1
Rangi kwanza: kipande ni kinene. Barafu hugawa mwanga kuwa miale miwili, na vipeo vyao vya kupinda vinatofautiana kwa 0.0014 tu. Unene wa mm 0.3 unachelewesha mwale mmoja nm 420, ndiyo njano. Ukifika mm 0.45 ni nm 630, umeshaingia kwenye bluu. Endelea kukwangua kwa mikrotomu (mashine ya wembe ya kukata tabaka nyembamba), mikroni 5 hadi 10 kila mara, chumba kikiwa nyuzi −15 hadi −20. Baridi ikizidi sana barafu inamegeka mbele ya wembe. Na unapogandisha kipande kwenye kioo, weka matone ya maji pembeni tu. Maji yakipenya chini yake huganda kuwa fuwele mpya, nawe utazipima ukidhani ni za sampuli.

Jibu 2
Makundi manne yanajulikana sana kwenye barafu ya joto, lakini usiyaamini kwa chembe 60. Karibu na kiwango cha kuyeyuka mipaka ya chembe huhama kwa kasi, na chembe hukua kubwa, zenye matawi yanayoingiliana. Mkato mmoja unaipita chembe ileile mara tatu, mara nne, na kila kisiwa kinahesabiwa kivyake. Huenda una chembe 15 tu! Kata vipande vingine sambamba, mm 5 hadi 10 kati yake, ufuatilie visiwa vyenye mwelekeo mmoja. Kuipa kila chembe uzito kulingana na eneo lake hakutibu hili, kwani chembe moja kubwa bado itatawala mchoro.
Kundi moja la wima ni habari nyingine: barafu baridi iliyokandamizwa huteleza kwenye bapa la msingi (tabaka la fuwele lililo wima kwa mhimili wa c), na mhimili wa c hugeukia upande wa mgandamizo.

Jibu 3
Hakikisha pia nguzo nzima ya barafu iliyochimbuliwa ilichorwa mstari mmoja wa urefu kabla ya kukatwa. Vipande vikizungushwa bila alama, dira inapotea na huwezi kulinganisha makundi ya kina kimoja na kingine.